Honi ya Tatu

Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa, na usiku mzima mvua haikunyesha. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Aman Renggali asubuhi ile alipofungua mlango wa gari lake la jipu. Unyevu wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa na upana wa makalio ya mtu mmoja, upande wa kushoto karibu na dirisha, na ulinuka kama mawe ya mtoni yaliyoota ukoga. Akadhani mkewe alikuwa ameweka ndoo pale, akamnung'unikia moyoni, akafuta kwa kitambaa, yakaisha.

Hakuwa na nafasi ya kununa kwa ajili ya ndoo. Siku hiyo alikuwa anampeleka mama yake mjini Takengon kufunguliwa macho.

Mama huyo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa nane sasa, na mjukuu wake Renggali alikuwa na miaka saba. Uso wa mtoto yule aliujua kwa vidole tu. Kila jioni alimkalisha mapajani akampapasa paji, pua, mashavu, mpaka mtoto akachoka na kukimbilia kucheza. Sasa madaktari wa macho walikuwa wamekuja kutoka Medan, wanapasua bure, Jumapili moja tu, halafu wanakwenda zao na hakuna ajuaye watarudi lini. Mgonjwa alitakiwa aripoti hospitali Jumamosi kabla ya alasiri. Atakayechelewa, nafasi yake anapewa mwingine, na wenye kuzivizia nafasi za wengine walikuwa wamejaa varandani tangu jana yake.

Kwa hiyo bibi alikuwa ameoga kabla hata ya adhana ya alfajiri, akajitanda shali yake nyeusi ya nakshi nyekundu na njano, ile ya harusini, akakaa kibarazani na kikapu cha vitumbua vya gutel vilivyofungwa kwa majani. "Twende," alisema, "nimwone Renggali kabla hajawa mkubwa wa kunibishia."

"Nabisha tayari, Bibi," akajibu Renggali.

Aman Renggali akamshika mama mkono, akampandisha nyuma upande wa kulia, akamfungia mlango. Akaketi nyuma ya usukani, akasoma bismillahi, akazungusha ufunguo.

Stata ikazunguka vizuri, kwa nguvu, bila kulegea. Injini haikushika.

Akajaribu tena. Tena. Mara ya nne akaupiga usukani kwa kiganja, akashuka, akafungua boneti.

Sasa ni vizuri ujue kwamba jipu lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko mke wake, na yeye alilipenda kwa namna ambayo mke wake alikuwa ameshazoea. Lilikuwa la dizeli, la magurudumu manne yote ya kuvuta, bati lake zito, na kijiji kizima kililiita Kule, ambalo kwa Kigayo, lugha ya kwao, ni simbamarara. Kila msimu wa kahawa lilipandisha na kushusha magunia kwenye matope ambayo magari mapya yaliyatazama tu. Halikuwa limewahi kuguswa na fundi mwingine. Jina la kuzaliwa la mwenye gari lilikwisha kusahaulika, maana kwao mtu akishapata mtoto huitwa kwa jina la mtoto. Yeye alikuwa baba yake Renggali, Aman Renggali, na mkewe Inen Renggali, lakini nyuma ya mgongo wake watu walimwita Aman Kule, baba wa simbamarara, na alijua, na alifurahi.

Jirani yake Aman Sahuri alikuja na glasi ya kahawa mkononi. Gari likikataa kuwaka hapo kijijini, Aman Sahuri hufika kabla ya nzi.

"Leo simbamarara kafunga swaumu?"

"Rudi kwako na kahawa yako."

"Nimekuja kusaidia, bwana."

"Mara ya mwisho uliponisaidia tulitafuta nati mpaka magharibi, kumbe iko mfukoni mwako."

"Tuliipata lakini," alisema Aman Sahuri, akaweka glasi juu ya tairi la akiba na kuinama ndani ya boneti.

Dizeli haina mambo mengi. Inataka mafuta, hewa na joto, basi. Betri ilikuwa nzima, stata ilizunguka. Plagi za kupashia zilipasha, alizigusa na waya zikatoa cheche. Mafuta tenkini yalikuwemo, alichovya kijiti kikatoka kimelowa mpaka nusu. Kwenye bomba la moshi ulitoka moshi mweupe mwembamba, kisha na huo ukakatika. Akasafisha vichwa vya betri ambavyo vilikuwa safi. Akafungua chujio la hewa akalipuliza, halikuwa na vumbi. Kila kitu kilikuwa sawa na gari haliwaki, na hakuna hasira inayomshika fundi kama hiyo.

"Hizi plagi si zilikuwa zimekufa?" aliuliza Aman Sahuri.

"Zilikuwa nzima. Rilei, swichi yake ya umeme, ndiyo iliungua jana mjini. Nikachomoa ya honi nikaiweka hapa. Zinafanana."

Aman Sahuri akanyanyua kichwa polepole. "Ya honi?"

"Ya honi."

"Kwa hiyo jana umerudi huku bila honi? Umepita darajani pale Wih Delung bila honi?"

"Ulitaka nilale mjini? Jua linazama, mama ana safari kesho, nilale mjini kwa sababu ya honi?"

Hakuna dereva anayepita daraja la Wih Delung bila kupiga honi mara tatu. Polisi wa barabarani hupiga. Wanunuzi wa kahawa wanaotoka mbali, wasioamini hata kivuli chao, hupiga mara ya pili wanayopita, baada ya kuulizwa na watu mara ya kwanza walipita vipi. Ni kuomba njia kwa wenye mto. Nani hao wenye mto, haisemwi.

"Honi haina uhusiano na kuwaka," alisema Aman Renggali. "Nipe spana ya kumi na saba."

Wakaanza kutoa upepo kwenye mipira ya mafuta. Alilegeza skrubu juu ya pampu, Aman Sahuri akawa anapampu kwa mkono, na dizeli ikatoka na povu, mapovu mapovu, kama inavyotoka hewa ikiwa imeingia kwenye mipira. Hilo lilimpa moyo. Hewa ni ugonjwa unaojulikana. Wakapampu mpaka bega la Aman Sahuri likauma, mapovu hayakuisha. Wakakaza kila kibano cha mpira kuanzia tenkini. Wakabadilisha mpira mmoja mzima uliokuwa mpya. Mapovu.

"Acha kidogo," alisema Aman Renggali.

"Nimeshaacha."

Wakatazama. Mkono wa pampu ulikuwa umetulia, na mapovu yaliendelea kutoka kwenye ile skrubu, taratibu, yakipanda na kushuka, yakitulia kidogo na kupanda tena. Yalikuwa yanatoka kama pumzi za mtu aliyelala.

Aman Renggali akakaza skrubu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika na kuhamia kwenye chujio la mafuta. Akafungua kikombe cha chini. Kilichomwagika mkononi mwake hakikuwa dizeli. Yalikuwa maji, meupe, baridi ya kuuma mifupa, na harufu ileile ya ukoga.

"Mwizi yule!" alifoka. "Ameniuzia maji! Nitamrudishia na dumu lake kichwani!"

Akachota dizeli tenkini kwenye chupa ya kioo ili apate ushahidi wa kumpelekea muuzaji. Ndani ya chupa mlikuwa na dizeli safi, rangi ya chai. Akamwaga kikombe, akakifuta, akakijaza kwa hiyohiyo dizeli ya chupa kwa mkono wake mwenyewe, akakifunga, akahesabu mpaka kumi, akakifungua. Maji. Akarudia. Maji. Mara ya tatu akarusha spana ikapiga bati la banda, kuku wakatawanyika juu ya kahawa iliyoanikwa, na Inen Renggali akatoka jikoni kuuliza kama amerogwa. Hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa limeshapanda, ukungu umeng'ang'ania mashambani kama haukusikia kwamba kumekucha, na saa za mama yake zilikuwa zinakwenda.

Hapo ndipo kioo cha mlango wa nyuma kilipoteremshwa kidogo, na sauti ya mama ikatoka, ya chini, ya adabu, kama mtu anayeongea mbele ya mgeni.

"Mwanangu. Mwambie huyu mwenzangu asogee kidogo. Ananilowesha."

Aman Renggali alifuta mikono. "Mwenzako gani, Mama?"

"Huyu hapa."

"Hakuna mtu, Mama. Uko peke yako."

"Basi naongea na nani? Tangu mlipofungua boneti namuuliza yeye ni wa ukoo gani, hajibu. Nimempa gutel, kapokea." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Mwanangu, hapumui."

Alifungua mlango. Mama alikuwa amebanwa kwenye kona ya kulia, magoti pamoja, kama abiria anayempa nafasi mtu mnene. Upande wote wa kushoto wa shali yake ulikuwa unachuruzika. Ile sehemu ya kiti aliyoifuta asubuhi ilikuwa imebonyea, ngozi ya kiti imezama mpaka umbo la springi linaonekana, na alipoitazama, kitu kilijisogeza, springi zikalia, bonyeo likahamia kidogo kumwelekea yeye. Juu ya sakafu palikuwa na jani la kufungia gutel, limekunjuliwa vizuri, tupu.

Alimbeba mama mikononi kama mtoto akampeleka kibarazani. Aliogopa, na bado, nisiseme uongo, alichokisikia zaidi ya hofu kilikuwa ghadhabu. Siku zote za mwaka, iwe leo!

"Tafuta gari lingine," Inen Renggali alimnong'oneza huku akimvua mama shali.

Magari mengine ya kijiji yote mawili yalikuwa yamekwenda harusini ng'ambo ya ziwa, na Tengku Lebe, mwenye kusoma na kuagua, alikuwa ndani ya mojawapo. Aman Sahuri alikuwa na pikipiki, lakini mama alishawahi kuanguka kwenye pikipiki hiyohiyo na nyonga yake haikuwa imesamehe. Basi wakampigia Tengku simu. Nyuma yake zilisikika ngoma na vijiko.

"Washa sauti kubwa," alisema Tengku baada ya kusikiliza, "uniweke kwenye hicho kiti, uondoke mlangoni."

Aman Renggali akafanya hivyo, mkono umenyooka, uso ameugeuza. Tengku akasoma. Alisoma kwa utulivu, kwa muda mrefu, sauti yake ikitoka nyembamba ndani ya bati la Kule, na wanaume wale wawili wakasimama uani wameinamisha vichwa. Alipomaliza dua na kuzungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Hapo mko wangapi?"

"Wawili, Tengku. Mimi na Aman Sahuri."

"Mmesimama wapi?"

"Huku karibu na banda."

"Sasa ni nani anayeniitikia amina?"

Kuku mmoja alikuwa anachakura kahawa na hakuna aliyemfukuza.

"Yuko karibu na simu kuliko nyinyi," alisema Tengku. "Ana sauti nzuri. Sikiliza, Aman Renggali. Huyu hafukuzwi, maana hakuvamia. Alipandishwa. Gari likipita pale kimya, wao huhesabu limetumwa kuwachukua. Umemchukua, na safari yake haijaisha, ndiyo maana hakuachii gari. Mrudishe darajani, mteremshe kwa heshima. Honi tatu. Ya kwanza ni salamu. Ya pili ni karibu. Ya tatu ni kwaheri, na hiyo ya tatu ndiyo inayofunga mlango. Usiondoe gari mpaka ya tatu imekwisha kabisa. Umenielewa? Usije uka..."

Simu ikakatika. Alipoichukua kitini, ilikuwa imejaa maji.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Kutoka kijijini mpaka darajani ni mteremko mtupu, na hilo lilikuwa jambo jema pekee la siku ile. Waliweka gia huru. Mama alikataa kuachwa. "Mkishamteremsha mtarudi kupanda mlima kunifuata, na alasiri itaingia," alisema. "Nipandisheni mbele. Nimekaa naye asubuhi yote, hajanila." Inen Renggali alilia, akamfunika blanketi. Renggali alitaka kupanda, akavutwa kwa sikio.

"Nitasukuma mimi," alisema Aman Sahuri, "lakini kupanda sipandi. Tusidanganyane."

Akasukuma. Kule akaanza kuteremka.

Gari la dizeli lisilonguruma ni kitu cha ajabu kukaa ndani yake. Aman Renggali alikuwa hajawahi kuusikia ukimya huo, alikuwa amezoea kupiga kelele akitaka kumsemesha mtu wa kiti cha pili, na sasa alisikia kila kokoto chini ya tairi, kila bawaba, na nyuma yake, kila walipopita kona, springi za kiti zikilia upande mmoja na kisha mwingine, jinsi zinavyolia chini ya abiria anayejishikilia asianguke, na maji yakidondoka sakafuni, tone, tone, hata pale barabara ilipokuwa laini na hapakuwa na sababu ya kitu chochote kudondoka. Breki zilikuwa nzito kwa sababu injini imekufa, alizikanyaga kwa miguu yote miwili akiwa amenyanyuka kitini, na alipotupa jicho kwenye kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeota ukungu, si ukungu wa nje bali wa ndani, ukasambaa polepole kutoka hapo mpaka kioo cha mbele, akawa anakifuta kwa mkono na unarudi, anafuta na unarudi, na shingo yake ikaanza kuhisi baridi mahali pamoja, padogo, nyuma ya sikio, kama mtu aliyesogea mbele kutazama njia juu ya bega lake, na ile harufu ya ukoga ikawa nzito mpaka akaonja mchanga wa mtoni katika meno yake.

"Usigeuke," mama alinong'ona.

"Sigeuki."

"Ameshika kiti chako, namsikia."

"Mama, nakuomba unyamaze."

Daraja likatokea ndani ya ukungu, vyuma vyake vimeshika kutu, mto ukivuma chini. Alikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likasimama magurudumu ya mbele yakigusa mbao. Akashuka. Alichomoa rilei kwenye plagi, ikamponyoka, akaitafuta kwenye vumbi la injini huku akitukana kwa nong'ono, akaipata, akaipachika kwenye nafasi ya honi. Akarudi kitini. Akazungusha ufunguo nusu, kiasi tu umeme upite.

Akabonyeza. Honi ya Kule ilikuwa na sauti nene, ya lori. Ikaenda mpaka ng'ambo, na mto ukanyamaza. Maji yaliendelea kwenda, aliyaona, lakini hayakutoa sauti.

Akabonyeza ya pili. Nyuma yake springi zikapumua, na mlango wa nyuma wa kushoto, ambao kwa miaka mingi haukufunguka bila kupigwa bega, ukafunguka wenyewe, taratibu, mpaka mwisho.

Na injini ikawaka.

Hakuwa ameigusa stata. Plagi hazikuwa na rilei. Iliwaka tu, mara moja, ikanguruma kwa nguvu, moshi mweusi ukajaa darajani, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake kama siku zote. Ukitaka kujua kwa nini alifanya alichofanya, kumbuka asubuhi ile. Kumbuka kila spana, kila povu, kila kikombe cha maji. Sauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiiomba tangu alfajiri, na sasa amepewa, na hakuwa na uhakika kwamba ikizima itarudi tena. Saa kwenye mkono wake ilisema alasiri iko mlangoni. Mlango wa nyuma uko wazi, basi ameshashuka, atashukaje zaidi ya hapo? Ya tatu ataipiga wakati wa kurudi, na ataipiga ndefu, atasimama hapahapa kwa heshima zote.

Akaingiza gia, akavuka. Kwenye kona ya kwanza mlango ukajifunga kwa kishindo.

Ukungu ulitoka kwenye vioo vyote. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Umepiga mbili," alisema mama.

"Tatu, Mama."

"Masikio yangu hayana mtoto wa jicho."

"Injini iliwaka juu ya ya tatu, ndiyo maana hukuisikia. Tatu. Nilihesabu."

Mama aligeuza uso wake dirishani, kama mtu anayetazama mashamba. "Kama wewe unasema tatu," alisema, "basi ni tatu."

Walifika hospitali muuguzi ameshashika kalamu kumwita mtu wa nafasi ya mama. Aman Renggali alikimbia varandani akipiga kelele jina, dizeli mpaka kwenye nyusi, watu wakacheka, na yeye akacheka, na akalia kidogo ukutani pasipokuwa na mtu. Kabla ya giza alikwenda kukagua kiti cha nyuma kwa kiganja. Kilikuwa kikavu kabisa.

Jumapili wakampasua mama jicho moja, la kulia. Daktari alisema limekubali vizuri, la pili mwakani. Aman Renggali alilala chini ya kitanda chake juu ya mkeka, akalala usingizi mzito wa mtu aliyeshinda, na usiku mara moja tu mama alimsikia muuguzi wa zamu akilalamika varandani kwamba kuna mtu anatembea na viatu vya maji kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki. Hakumwamsha mwanawe.

Jumatatu asubuhi Inen Renggali akafika na binti yake kwa gari la wale waliotoka harusini. Renggali alikuwa amevalishwa gauni la Idi na nywele zimefungwa kwa utepe. Alikuwa amefundishwa njia nzima asimsukume Bibi, asipige kelele, asimame tu mbele yake atulie. Akasimama penye mwanga wa dirisha, mikono pembeni.

Muuguzi, binti mcheshi wa huko huko Gayo, alitoa plasta kidogo kidogo, akaondoa pamba, akafuta kope kwa dawa. "Haya, Bibi. Fungua polepole."

Mama akafungua jicho. Akapepesa. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mwanawe aliyeinama karibu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema. "Nani amekuruhusu?"

Chumba kizima kikacheka. Inen Renggali alikuwa analia huku akicheka. Aman Renggali akasogea pembeni, akaonyesha kwa mkono dirishani.

Mama akamwona mjukuu wake. Uso wake wote ulifunguka. Akainua mkono hewani, vidole vikiifuata ile pua, lile paji, yale mashavu, vikilinganisha. "Ndiye," alinong'ona. "Ndiye huyuhuyu. Ewe mwanangu, wewe ni mzuri, hakuna aliyeniambia."

Kisha jicho lake likateremka kutoka usoni mwa mtoto, likafuata bega, likafuata mkono wa kushoto mpaka kwenye kiganja, likasimama hapo. Kutoka hapo likaanza kupanda, taratibu, juu, juu zaidi ya kichwa cha mtoto, juu mpaka karibu na dari. Tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki mdomoni peke yake, baada ya kila kitu kingine kuondoka usoni.

"Bibi?" alisema Renggali. Aliutazama mkono wake wa kushoto, akaukunjua na kuukunja, akaufuta kwenye gauni. Gauni likabaki na alama ya maji. "Bibi, mkono wangu una baridi."

Mama akalifumba jicho lake. Akaweka kiganja juu yake, akakibana.

"Mwanga unauma, Bibi?" aliuliza muuguzi.

"Mwanga hauumi, mwanangu. Nifunge tena."

"Lakini limepona, Bibi, halihitaji..."

"Nifunge. Funga na plasta nyingi." Akanyoosha mkono mwingine, akapapasa hewani kama alivyopapasa miaka minane yote, mpaka akaupata mkono wa Aman Renggali. Akamvuta karibu, mdomo sikioni, na akasema kwa upole, pasipo hasira hata kidogo, jinsi mtu anavyomsemesha mtoto aliyevunja kitu kisichorudishika.

"Zilikuwa mbili."